Safari hii hatukupanda bodaboda

Mdogo wangu kajifungua jana alfajiri, hapa hapa kijijini, Busia, upande wetu wa Uganda. Wa kike, kilo 3.2. Jina bado, wazee wanabishana.

Kituo chetu cha afya kilikuwa daraja la pili: unapimwa malaria, unapewa vidonge, mambo mazito unaambiwa nenda mbele. Mimi wakati wangu nilikwenda mbele kwa pikipiki usiku wa manane, nimebanwa kati ya dereva na mama, kila shimo barabarani nalihesabu kwa kiuno. Sasa serikali imekipandisha hadi daraja la tatu. Kuna wodi ya wazazi, kuna maabara, na mkunga hakutukaripia hata mara moja (wanaojua wanajua).

Ada kwenye vituo vya umma zilifutwa 2001, lakini glavu, pamba na kaveera (plastiki) ya kulalia tulinunua wenyewe dukani. Na upasuaji unaanzia daraja la nne, kwa hiyo usiku kucha shemeji alikuwa nje na dereva wa bodaboda, injini tayari. Hakuhitajika. Kalipwa kwa chai na mandazi, kaenda zake akicheka.