Vile nilichagua programu ya kuediti podikasti na laptopu ya RAM 4GB

Karibu mwaka sasa narekodi podikasti hapa Kisumu, mazungumzo na kina mama wanaouza omena na mbuta pale Dunga, na kitu imenisumbua kuliko zote si maiki wala wageni, ni programu ya kuediti. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM 4GB, kwa hivyo usinisifie programu kabla hujaniambia inafunguka kwa mashini kama hii.

Nilianza na moja ya kulipia kila mwezi, video za watu zilinivuta. Ikifunguka, feni inalia kama posho mill, ukigusa kitu unangoja, na mwezi ukiisha hujalipa kazi yako huioni. Nikaitoa.

Nikaenda Audacity. Hii ni ya bure kabisa, iko tangu mwaka 2000, na mtu akianza leo bado namwambia aanzie hapo. Nilipenda sana vile inapunguza kelele, unachagua sekunde mbili tatu penye hakuna mtu anaongea, upepo wa ziwa tu, inausoma halafu inautoa kwa rekodi yote. Lakini nikapata tamaa, nikapandisha mpaka desibeli 24, nikachezea mama mmoja sehemu yake kwa simu. Akanyamaza akasikiza, akaniuliza, "Mwanangu, mbona naongea kama niko ndani ya mtungi?" Na alikuwa sawa, kila "s" yake ilikuwa inalia kama bati limekwaruzwa. Siku hizi natoa 6 au 8 basi, upepo kidogo ubaki, Dunga ni ziwani.

Huyo huyo mama ndiye alinifanya nitafute programu nyingine. Aliposikiza mpaka mwisho akasema, "Na pale nilicheka umepeleka wapi?" Nilikuwa nimekifuta kile kicheko ndio dakika zitoshe 25, nikaseivu nikafunga, na rekodi ya kwanza nilishaifuta kwa simu nipate nafasi. Kosa ni langu, lakini kicheko hakirudi. Iliniuma wiki nzima, kwa sababu alikuwa anaongea juu ya msimu mbaya na hapo katikati akacheka, na ndiyo ilikuwa roho ya mazungumzo yote.

Hapo nikajaribu Reaper. Unapewa siku 60 ujaribu kila kitu, baadaye laisensi ya mtu binafsi ni dola 60, na ni nyepesi, kwa laptopu yangu inafunguka kabla sijakaa vizuri. Kubwa zaidi haigusi faili yako ya asili: ukikata kipande kimefichwa tu, vuta ukingo wake hata baada ya miezi kinarudi, bora faili yenyewe iko (sai naziweka kwa hard disk, sifuti). Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu, skrini imejaa vitufe, mpaka nikaamua kujifunza vitu vitatu peke yake, herufi S ya kukata, kushusha na kupandisha sauti, na kueksipoti. Mengine yalikuja mos mos.

Kwa mastaringi, yaani kuweka sauti sawa mara ya mwisho kabla niachilie, niliangalia Auphonic, ukiipatia faili inakusawazishia sauti yenyewe, masaa 2 kila mwezi ni bure. Kazi yake ni safi, ila lazima upandishe faili kwa neti, na saa moja ya WAV (faili isiyobanwa) ya mono (chaneli moja ya sauti) ni kama MB 300, bando inaisha ukitazama. Kwa hivyo namalizia kwa Reaper: nakata sauti nzito za chini ya hezi 80 mngurumo wa boda upungue, kompresa kidogo (inapunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo), halafu naweka sauti kwa -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) vile Apple wanashauri, kilele kisipite desibeli -1. Naeksipoti MP3 mono ya kbps 64, dakika 25 inakuwa MB 12 hivi, na wasikilizaji wangu wengi wananunua bando ya siku. Kabla niachilie naisikiza kwa spika ya simu ndogo nikiwa kwa matatu ya Kondele, maneno yakipotea hapo narudi kuediti.

Mwezi uliopita nikarudi kwa yule mama tukarekodi upya. Alicheka tena, mahali pengine kabisa, nikaacha sekunde zote 11, pamoja na mwenzake wa meza ya pili anauliza wanacheka nini.