Usiku wa Kuamkia Ijumaa

Nimeshinda kutwa nikisahihisha memo za wanafunzi kwenye kompyuta, lakini zilizonikaa moyoni ni zile tisa ambazo hazikunifikia.

Kwenye maelekezo niliandika: "Mwisho wa kukusanya kazi ni Ijumaa, saa 6 usiku." Kwenye Moodle, mfumo wa mtandaoni ninakopokelea kazi zao, nikaweka Ijumaa, 00:00. Sasa, kwa mfumo, 00:00 ya Ijumaa ndiyo Ijumaa inaanza, yaani usiku wa kuamkia Ijumaa. Wanafunzi tisa walielewa usiku wa Ijumaa yenyewe, na sioni kwa nini wasingeelewa hivyo. Wakatumia siku nzima kunyoosha sentensi zao, jioni wakakuta mlango umefungwa. Mmoja aliniandikia: "Mwalimu, shikamoo. Naomba kujua nimekosea wapi. Maelekezo yalisema Ijumaa, nami nimeleta Ijumaa."

Hakukosea popote. Kilichoniuma ni kwamba memo yenyewe ilikuwa ya kuwatangazia wafanyakazi mabadiliko ya ratiba, na kigezo cha kwanza nilichowapa kilikuwa tarehe na saa zisizoweza kusomwa kwa namna mbili.

Nimewafungulia wote tisa bila kukata alama, kisha nikaliandikia darasa zima memo ya kuomba radhi, yenye Kwa, Kutoka, Tarehe na Yah, kama ninavyowadai wao. Kuanzia sasa mwisho ni saa 11 jioni, watu wakiwa macho. Tena Moodle ina tarehe mbili: ya kukusanya, ambayo ukiipita kazi hupokelewa ila huonekana imechelewa, na ya kufunga kabisa. Nilikuwa nimeziweka zote mbili saa ileile. Nimezitenganisha kwa siku mbili.

Majina ya faili nayo yametulia. Jina la ukoo, kazi, halafu tarehe ikianza na mwaka, kama 2025-03-07, na faili hujipanga zenyewe. "Memo ya mwisho kabisa" sijaiona tena.

Jambo ninalolipenda zaidi muhula huu ni kuficha alama. Zamani nilirudisha maoni na alama pamoja. Mwanafunzi akiona 62, maoni ya pambizoni hayasomi tena. Sasa wanapata maoni peke yake, wanarekebisha huku kompyuta ikihifadhi kila badiliko, ndipo alama inafunguliwa. Inaniongezea kazi karibu mara mbili, na sitaiacha.

Jana usiku nilifungua kazi ya mwanafunzi mmoja, barua ya kumjibu mteja aliyepokea bidhaa iliyovunjika. Rasimu ya kwanza ilianza: "Kampuni haihusiki na uharibifu unaotokea njiani." Pembeni nilikuwa nimeuliza swali moja tu: mteja akimaliza sentensi hii, atafanya nini? Kwenye rasimu ya pili mstari ule umekatwa kwa wino mwekundu wa kompyuta. Chini yake niliona alijaribu "Tunasikitika sana", akafuta, akajaribu "Poleni", akafuta. Mwisho akaandika: "Tumepokea picha ulizotuma. Bidhaa nyingine itatumwa kwako Jumatatu, na huhitaji kurudisha iliyovunjika."

Nilizisoma zote nne kwa mpangilio alioziandika. Kwenye karatasi ningeiona ile ya mwisho tu. Kesho nitamwomba ruhusa niwaonyeshe wenzake, jina likiwa limefutwa.