Fuso inayosaga mbele, ikifika gereji inanyamaza

Hakuna malalamiko yanayowapotezea wenye malori pesa kama haya: "Fundi, inasaga mbele, lakini siyo muda wote." Huku Mafinga nayasikia zaidi mvua zikishakolea, wakati malori ya mbao yanatoka kwenye matope ya Sao Hill na kupanda lami kuelekea Dar es Salaam. Dereva anazungusha gari uwanjani, kimya kabisa. Fundi mwenye haraka anapiga jeki, anabadili breki shuu kwa kuwa ndizo zilizo karibu na mkono, lori linaondoka. Wiki haijaisha limerudi na mlio uleule, na sasa tajiri anaanza kumshuku dereva kwamba anatafuta sababu ya kulala njiani.

Hilo la kumshuku dereva linaniudhi. Dereva aliyekaa na gari miaka analijua kuliko mimi. Tatizo ni kwamba tunamwuliza maswali mabaya.

Fuso ninayotaka kuisimulia ililetwa na mzee wa umri wa baba yangu. Ilikuwa imeshapita gereji nyingine na kuvalishwa breki shuu mpya mbele, pande zote mbili. Baada ya shikamoo sikumwuliza gari lina nini. Nilimwuliza mara ya mwisho alipousikia mlio alikuwa wapi, amebeba nini, na barabara ilikuwa inakata upande gani.

Akafikiri kidogo. "Nilikuwa nimeipita Ipogolo, nina mzigo. Kona za kulia ndiyo inasaga. Nikirudi mtupu siisikii, mwanangu, hata nikizima redio."

Mzigo, na kona ya kulia. Gari likikata kulia, uzito unaegemea kushoto. Kwa hiyo kabla sijashika spana nilikuwa na gurudumu la kushuku: la mbele kushoto. Lakini kushuku siyo kujua, na kwenye Fuso sauti inadanganya sana. Kebini imekaa juu ya injini na ekseli ya mbele, na chesisi ni chuma kirefu kinachosafirisha mlio. Nimeona senta beringi ya propela shafti (ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma), iliyoko kule nyuma ya kebini, ikimfanya dereva aape kwamba kitu kinasaga chini ya miguu yake. Ndiyo maana sikukubali kupiga jeki siku hiyo hadi tumetoka na mzigo. Tajiri alipiga simu kuuliza kwa nini fundi anataka kutembezwa na mbao zake. Nikamweleza kwamba ugonjwa unaotokea na mzigo hautafutwi kwenye gari tupu.

Tukaelekea upande wa Nyololo. Mzee anaendesha, utingo katikati, mimi dirisha la kushoto, kioo chini.

Kwanza, kwenye sehemu tambarare iliyonyooka, nilimwomba akanyage klachi na kuacha injini ishuke mizunguko huku gari likienda. Mlio ulipotokea haukushuka pamoja na injini, ulifuata mwendo wa magurudumu. Hapo feni, pampu ya usukani na kila kinachozungushwa na injini vikatoka kwenye orodha. Tafadhali, jaribio hili ni la tambarare tu. Anayetupa gia mlimani na mzigo anacheza na roho za watu.

Kisha akanyage breki kidogo sana, siyo kusimama. Breki shuu zikiliwa hadi ribiti zinagusa drumu, mlio huja au hubadilika mguu ukigusa pedali. Huu haukubadilika. Hata kokoto ikinaswa kati ya drumu na bati la nyuma inaweza kusaga na kunyamaza itakavyo, hasa kwa magari ya barabara za vumbi, lakini kokoto haijali kama umebeba mbao au hujabeba, na mara nyingi ukirudi nyuma kidogo inahama au inaanguka.

Mwisho, barabara ilipokuwa wazi mbele na nyuma, auyumbishe usukani taratibu, kulia kisha kushoto. Kulia: grrr, unausikia na kuuhisi kwenye sakafu ya kebini. Kushoto: kimya. Kulia tena, umerudi. Utingo akacheka kwa mshangao, maana yeye alikuwa upande wa wasioamini.

Tulirudi polepole tukitumia breki kidogo iwezekanavyo, kwa makusudi. Nikishuka nataka kulinganisha joto la habu mbili za mbele, yaani vitovu vya magurudumu, na breki zikiwa zimefanya kazi nzito joto lake linafunika kila kitu. Nina kile kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, ila kabla sijakinunua nilitumia mgongo wa mkono, nikiusogeza karibu bila kugusa. Ninachotafuta ni tofauti ya kushoto na kulia. Ya kushoto ilikuwa na moto wa wazi kuliko mwenzake.

Sasa ndiyo jeki, stendi na mawe kwenye magurudumu ya nyuma. Hapa kuna kipimo ambacho kila fundi kijana anayekuja kwangu lazima akijue. Unaweka mtaimbo chini ya tairi na kulinyanyua, unatazama kama gurudumu linacheza juu na chini. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki kwa nguvu na ujaribu tena. Mchezo ukipotea, ni beringi, kwa sababu breki imeifunga habu pamoja na stabu ekseli, yaani ule mhimili mfupi ambao habu inazungukia. Mchezo ukibaki, ni kingipini, ile pini ambayo gurudumu linageukia ukikata usukani, na bushi zake. Kingipini nazo husaga, hasa beringi yake ya chini inayobeba uzito ikikauka, ila mara nyingi utaisikia ukizungusha usukani gari limesimama au linatambaa, siyo ukiwa kwenye mwendo.

Gurudumu la mzee halikucheza hata kidogo. Nikalizungusha kwa mkono huku nimeshika springi kuhisi mtetemo. Hakuna kitu. Gereji ya kwanza nao walifika hapa, na nawaelewa: gurudumu halichezi, halilii, basi beringi nzima.

Lakini fikiria jinsi uzito unavyokaa. Kwenye gurudumu la mbele la Fuso, pete ya ndani ya beringi imekaa kwenye stabu na haizunguki. Kinachozunguka ni habu na kikombe, yaani pete ya nje ya beringi. Gari likiwa chini, stabu inasukumwa kuelekea ardhini, kwa hiyo wakati wote ni sehemu ya chini ya pete ya ndani inayobeba. Huko ndiko chuma huanza kuchoka na kubanduka magamba. Ukishanyanyua gari, mambo yanageuka: sasa habu, drumu, rimu na tairi vinaning'inia kwenye stabu, na uzito wao unakaa sehemu ya juu ya pete, ambayo bado ni laini. Unazungusha gurudumu likiwa limeegemea upande wake mzima, kisha unasema halina ugonjwa. Kwenye kona ya kulia, tairi la kushoto linaongezewa uzito na kusukumwa kuelekea ndani, na shida yote inaiangukia beringi ya ndani (habu ina mbili, ya ndani na ya nje). Maneno ya mzee yalikuwa yameshasema hivyo tangu mwanzo.

Tulipofungua, nati ilikuwa imekazwa kupita kiasi, bila shaka kwa spana iliyoongezewa bomba. Kukaza hivyo kunaficha mchezo, na kunaimaliza beringi haraka zaidi. Kabla ya kuitoa beringi ya ndani niliweka alama ya rangi upande wa juu wa pete, ili tusibishane baadaye. Grisi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa: maji. Mdomo wa oili sili, inayozuia grisi isitoke na maji yasiingie, ulikuwa umechanika, na lori linalovuka madimbwi ya mashambani kisha kuoshwa kwa pampu ya presha iliyoelekezwa moja kwa moja kwenye habu halichukui muda kufika hapo. Baada ya kuosha kwa dizeli tukaiona: upande wa chini wa pete ya ndani, mkabala na alama yangu, eneo la upana wa vidole viwili limebanduka, limejaa mashimo. Juu, pale penye rangi, chuma kinang'aa. Nilimwita mzee apitishe ukucha. Akapitisha, akanyamaza, kisha akasema, "Nilikuwa nawaambia."

Beringi ya namna hii inabadilishwa pamoja na kikombe chake. Kuweka mpya kwenye kikombe cha zamani ni kutupa pesa ya spea. Stabu nayo ikaguliwe, maana pete ikishaanza kuzunguka juu yake inaila, na hapo gharama ni nyingine kabisa. Grisi inashindiliwa kwenye rola kwa kiganja hadi itokeze upande wa pili, siyo kupakwa juu juu, wala habu haijazwi pomoni. Nati inakazwa huku gurudumu likizungushwa ili rola zikae, inalegezwa, kisha inakazwa tena kwa kipimo cha kitabu cha gari lenyewe. Mimi humalizia kwa mizani ya ndoano kwenye stadi ya gurudumu, kuona linahitaji nguvu kiasi gani kuanza kuzunguka. Inachukua dakika chache tu na sijui kwa nini gereji nyingi zinairuka.

Naliandika hili kwa urefu kwa sababu ya Kitonga, ule mteremko mkali wa njia ya Dar es Salaam. Beringi ikipata moto sana, grisi inayeyuka na inaweza kufika kwenye breki shuu, na upande huo unapungukiwa breki wakati unazihitaji kuliko wakati wowote. Ikiendelea, inakwama kwenye stabu, na gurudumu linaweza kuchomoka. Mlio wa kusaga unaokuja na kuondoka siyo wa kusubiri hadi uwe wa kudumu.

Tajiri aliuliza kwa nini nafungua na upande wa kulia usiolia. Nilimjibu kwamba umepita matope yaleyale na umeoshwa na pampu ileile. Beringi zake zilikuwa bado safi, lakini grisi ya karibu na sili ilikuwa imeanza kupauka. Tukaosha, tukajaza grisi mpya na kuweka sili mpya.

Mzee nilimwomba asimame Ilula, kabla ya mteremko, apime habu zote mbili kwa mgongo wa mkono. Alipiga simu kutoka hapo: ziko sawa, na kona za kulia kimya. Nikamwambia asimame tena Ruaha Mbuyuni, ila huko anywe chai kwanza ndipo apime, kwa sababu breki za mlimani zitakuwa zimepasha moto kila kitu.