Invesi: kilichopakiwa mwisho ndo kinashuka kwanza

Juzi usiku mpwa wangu wa kidato cha tatu kaniletea daftari, asubuhi yake ana testi, swali linasema f(x) = 3x + 12, tafuta invesi yake, f⁻¹(x), yaani fanksheni (kanuni ya kugeuza namba moja kuwa nyingine) inayokurudisha ulikotoka. Yeye kaandika 1 juu, mstari, 3x + 12 chini, kazungushia duara, kamaliza. Namuuliza hii umeitoa wapi, ananambia "anko si kuna hasi moja pale juu ya f? Kwenye vipeo hasi moja maana yake moja gawanya kwa hicho kitu." Na kwa kweli sikuweza kumlaumu, alishafundishwa kwamba 2 kipeo cha hasi 1 ni nusu, halafu alama ileile inamrudia ina maana nyingine na hamna aliyekaa naye kumwambia kwamba hapa ni jina tu la fanksheni inayorudisha, haigawanyi kitu. Hili linaniuma sana maana watoto wengi wanaachia hapohapo wanaanza kusema hesabu si zangu.

Nikamwambia funika daftari, twende kijiweni kwa boda. Tuchukulie boda anataka buku ya kuwasha pikipiki, halafu kila kilomita jero. Ukienda kilomita 6 shilingi ngapi? Akajibu hapohapo, jero mara sita buku tatu, ongeza buku ya kuwasha, buku nne. Haya sasa geuza, una buku nne mfukoni, atakufikisha kilomita ngapi? Akashika peni, 4000 gawanya kwa 500 ni 8, toa 1000, akapata hasi 992. Akaikodolea macho ile hasi 992, kimya, halafu akaikata mwenyewe.

Hapo ndo penyewe. Ile buku ya kuwasha iliingia mwisho, baada ya kuzidisha, kwa hiyo wakati wa kurudi inatoka kwanza, inabaki 3000, ndo unagawa kwa 500 unapata zako 6. Ni kama magunia kwenye keria ya basi, lililopandishwa mwisho ndo linashushwa kwanza, huwezi kuanza kuvuta la chini. (Ukitaka kuanza kugawa inawezekana, ila ugawe kila kitu, na ile buku pia, 8 toa 2, inakuja 6 ileile. Kosa lake lilikuwa kugawa kimoja na kukiacha kingine.) Tukarudi kwenye swali, kuzidisha kwa 3 kisha kuongeza 12, kurudi ni kutoa 12 kisha kugawa kwa 3, kaandika x toa 12, yote gawanya kwa 3, bila mimi kusema neno.

Akauliza je kila fanksheni inarudi? Hapana. Daladala yenye nauli moja mwanzo mpaka mwisho wa ruti, mtu akikwambia nimelipa kiasi fulani huwezi kujua kashukia wapi, vituo vyote bei moja. Grafu yake imelala tu, haipandi haishuki. Kipeo cha pili nacho hivyohivyo, 9 inaweza kuwa imetoka kwa 3 au kwa hasi 3.

Kitu kilichomfurahisha zaidi ni grafu. Tulichora mistari yote miwili, wa 3x + 12 na wa invesi yake, kwenye karatasi ya grafu, kisha nikamwambia kunja karatasi kwenye mshazari wa y = x uinue kwenye taa. Mistari ikalaliana, mmoja juu ya mwenzake, ikionekana kama mstari mmoja, na zinakutana pale kwenye hasi 6, ukiweka hasi 6 inatoka hasi 6. Nikamkumbusha mfano mwingine wa kwenda na kurudi, themomita ya nyumbani inayosoma Farenihaiti, barafu inayeyuka 32 maji yanachemka 212, nyuzi 180 kwa 100 za Selisiasi, ndo mana kutoka Selisiasi kwenda Farenihaiti unazidisha 1.8 unaongeza 32. Mdogo wake alivyoumwa ikasoma 101.3, tunatoa 32 inabaki 69.3, gawanya 1.8, 38.5, homa. Selisiasi na Farenihaiti zenyewe zinakutana hasi 40, baridi ya hasi 40 ni hasi 40 kotekote.

Saa ilikuwa imeshaenda, simu inaonyesha 11, nikamwambia saa tano hii lala. Akasimama mlangoni. "Anko, na saa je? Simu inasema 7 sisi tunasema saa moja, simu ikisema 1 sisi tunasema saa saba. Kwenda naongeza 6, kurudi naongeza 6 tena, sasa invesi yake ipi?" Nikamwambia kaa chini, chora duara la namba 12.