"Less" na "fewer": kanuni iliyoanza kama pendekezo

Kati ya jozi za maneno ya Kiingereza zinazotatanisha, "less" na "fewer" ndizo ninazoona zinafundishwa kwa ukali kupita kiasi, kana kwamba kanuni yake ilizaliwa pamoja na lugha yenyewe.

Kanuni ni fupi: "fewer" hutumika kwa vitu vinavyohesabika, na "less" kwa visivyohesabika. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kuhangaika hapa, kwa kuwa husema wanafunzi wachache na unga kidogo bila kufikiri. Basi penye "wachache" na aandike "fewer students", na penye "kidogo" aandike "less flour".

Ugumu huanzia kwenye vipimo. Kilomita, shilingi na miaka huhesabika, lakini Kiingereza sanifu husema "less than five kilometres" na "less than ten years", kwa sababu masafa, fedha na muda huchukuliwa kuwa kiasi kizima, si kilomita mojamoja wala mwaka mmojammoja. Asilimia nazo hufuata kinachopimwa: "less than 30% of the maize", lakini "fewer than 30% of the farmers". Anayeweka "fewer" mbele ya kila tarakimu kwa kuogopa kukosea huwa amekosea kwa njia nyingine.

Tangu enzi za Mfalme Alfred, katika karne ya 9, Waingereza walitumia "less" hata kwa vitu vya kuhesabika. Mwaka 1770 Robert Baker, mwandishi aliyejadili matumizi ya Kiingereza, aliandika kwamba "no fewer than a hundred" kulimpendeza zaidi na kulikuwa sahihi zaidi kuliko "no less than a hundred". Alieleza maoni yake tu. Waliomfuata ndio walioyageuza kuwa sheria. Sheria hiyo ilipata nguvu kiasi kwamba mwaka 2008 maduka ya Tesco, Uingereza, baada ya malalamiko kuhusu vibao vya "10 items or less" kwenye foleni za kulipia za wenye bidhaa chache, yaliamua kuandika "Up to 10 items" na kuyakwepa maneno yote mawili.

Katika mtihani, ripoti au barua ya kuomba kazi, ningeshauri kanuni ifuatwe, kwa kuwa msomaji huenda akaitumia kumpima mwandishi. Katika mazungumzo sioni haki ya kumkatiza mtu anayesema "less people", ilhali maana yake imeeleweka na matumizi yake ni ya kale kuliko kanuni inayomhukumu.