Kwa Baiskeli na Ndugu Zangu, Kutoka Dodoma Hadi Kolo

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni tukirudi nyumbani humaliza likizo kwa kuzunguka nyumba hadi nyumba, tukikaribishwa vizuri na kuulizwa maswali yaleyale, kisha tunapanda ndege kabla hatujazungumza na ndugu zetu kwa kina. Ndiyo maana safari hii, nilipotoka Utrecht ninakoishi, niliwaomba wadogo zangu, watoto wetu na baba mdogo tuendeshe baiskeli pamoja kutoka Dodoma mjini hadi Kolo, wilayani Kondoa, mwendo wa takriban kilomita 180.

Majirani walishangaa, kwa kuwa kwetu baiskeli ni chombo cha kazi, cha kubebea madumu ya maji, magunia ya mkaa na hata mgonjwa anayepelekwa zahanati.

Barabara hiyo, ambayo ni sehemu ya njia kuu ya Cape Town hadi Cairo, ilikamilika kuwekwa lami hadi Babati mwaka 2018, na mabasi ya Arusha hupita kwa kasi. Hakuna njia ya baiskeli iliyotengwa kama ilivyo Uholanzi, kwa hiyo tulifuatana mmoja nyuma ya mwenzake pembeni mwa lami, baba mdogo akitangulia na baiskeli yake aina ya Swala, ili mwendo wake yeye ndio uwe mwendo wetu sote. Kila siku tuliondoka alfajiri, maana upepo wa kiangazi hukaza kadiri jua linavyopanda, nao humpiga mwendeshaji ubavuni.

Karibu na Mayamaya mwiba wa mgunga ulitoboa tairi la binti yangu. Fundi aliyekuwa chini ya mwarobaini aliitoa tyubu, akaijaza upepo na kuizamisha kwenye beseni la maji mpaka mapovu yalipoonyesha tundu. Akalikwaruza kwa msasa, akapaka gundi, akabandika kiraka alichokata kwenye tyubu kuukuu. Tulipokuwa tukisubiri, baba mdogo alianza kusimulia jinsi babu alivyokuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la mtama usiku kucha ili awahi mnada, habari ambayo katika miaka yote ya kupigiana simu sikuwahi kuisikia. Aliendelea nayo tulipopumzika Chemba, na tena Kondoa baada ya ugali na mlenda, na watoto hawakutaka kulala.

Huko Kolo tulipanda mlima kwa miguu tukiwa na mwongozaji, tukatazama picha nyekundu za watu na wanyama zilizochorwa miambani, ambazo UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wenyeji bado hufanya matambiko huko, na baba mdogo alivua kofia kabla hajaulizwa.

Sasa anaulizia njia ya Iringa inayopita Mtera. Nimemwambia tutaifuata kiangazi kijacho, na wadogo zangu wameanza kutafuta baiskeli.