Kivuli cha upenu

Nasoma usanifu majengo hapa Dar, mwaka wa pili. Tangu tufundishwe kupiga vivuli studio, sipiti mbele ya nyumba bila kuangalia upenu umefunika ukuta hadi wapi. Wenzangu wengi wanakichukulia kivuli kuwa pambo la usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Kwangu mimi ndicho kipimo cha kwanza cha nyumba, na heri ukipige kwa mkono kabla hujafungua SketchUp, programu ya kuchorea kwenye kompyuta.

Kanuni ya vitabuni ni nyepesi: mwanga unatoka juu kushoto kwa nyuzi 45, hivyo upenu uliotokeza sm 60 unaangusha kivuli cha sm 60. Kwa skeli ya 1:50 hiyo ni milimita 12. Anayesoma eleveshini, yaani mchoro wa nyumba ikitazamwa kwa nje upande mmoja, anaweka rula kwenye kivuli, anajua upenu umetoka kiasi gani bila hata kutafuta seksheni, mchoro wa nyumba kana kwamba imekatwa wima. Naipenda sana akili hiyo. Ila vitabu vingi tunavyotumia vimetoka Ulaya, ambako jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. La kwetu linahama.

Zoezi la muhula huu ni nyumba ya familia, nami nimechagua kiwanja cha bibi Ngamiani, Tanga, takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya Juni jua liko kaskazini, kimo chake kama nyuzi 61. Upenu uleule wa sm 60 unaangusha kivuli cha m 1.1 hivi. Desemba limehamia kusini na kupanda hadi karibu nyuzi 72, na kwenye ukuta wa kusini kivuli kinafika m 1.8. Bibi analijua hilo bila kikokotozi: wakati wa kaskazi anakaa barazani mbele, upande wa kaskazini, kipupwe kikiingia mkeka unahamia uani.

Kivuli hicho nakipaka kwa rangi ya maji. Karatasi nzito unailowesha, unaibandika ubaoni kwa tepu ya gundi kingo zote nne, ikikauka inajikaza yenyewe. Ubao unauinua kidogo kwa juu. Unaanzia chini ya upenu na brashi iliyojaa, unavuta kutoka kushoto kwenda kulia, na rangi inatuama kwenye ukingo wa chini. Mvuto unaofuata unaugusa ukingo huo ungali mbichi na kuuteremsha. Ukisita, papo hapo panakauka na alama haifutiki. Mwisho wa kivuli unaikamua brashi kwa kitambaa, unainyonya rangi iliyobaki. Ukuta wenye jua haupakwi chochote. Weupe wa karatasi ndio jua lenyewe.

Mwalimu aliposimama mezani kwangu aliutazama mchoro kwa muda, kisha akasema, "Sasa nioneshe magharibi, saa kumi jioni."

Nikachora. Jua limeshuka, upenu unafunika sehemu ya juu ya dirisha tu, na hata ukiurefusha hadi mita nzima miale bado inapenya kwa chini. Kwa hiyo chumba cha bibi nimekihamishia mashariki, maana ukuta uliopigwa na jua la asubuhi unakuwa umeshapoa wakati wa kulala. Magharibi nimeweka stoo na bafu zenye matundu ya juu. Mwarobaini uliopo upande huo haukatwi. Kwenye plani mpya nimeuchora kabla ya kuta.